Herufi Nane za Abla Dogbatse

Mchungaji na wazee wa kanisa, chifu wetu Torgbui na Mama zetu wa Peki, wakwe, majirani, na ninyi mliofika kutoka Tema, Ho na Kumasi, familia ya Dogbatse inawasalimu, na inawaomba radhi mlioketi turubai la nyuma, kwa sababu historia hii inasomwa kwa koo tupu, bila maiki wala spika, na si kwamba vyombo havikuletwa, vililetwa vinne, vipya, vimefungwa utepe, navyo viko nyuma ya kanisa vimegeuziwa uso ukutani. Sababu mtaisikia kwa mpangilio wake, maana marehemu hakumpenda mtu anayeruka hatua. Anayesoma ni Kodzo, mdogo wake wa mwisho, mhunzi, aliyechaguliwa na ukoo kwa kuwa ana sauti kubwa na hana la kumwomba mtu yeyote aliyeketi mstari wa mbele.

Abla Sefakor Dogbatse alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, hapa hapa Peki-Avetile, siku sita baada ya nchi kupata uhuru, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Komla Dogbatse, seremala, na marehemu Mama Dzatugbui, muuza mahindi, akabatizwa katika kanisa hili Jumapili ya tarehe 31 Machi mwaka huo huo. Jina Dogbatse lina herufi nane, D, O, G, B, A, T, S, E, halina ya tisa, na familia inaomba mlishike hilo tangu sasa, kwa kuwa tutalirudia.

Baba yake alifanya kazi ya mbao kwenye ujenzi wa bwawa la Akosombo kuanzia mwaka 1962, na nguzo za chuma zilipopandishwa na nyaya kuanza kupita, Abla alimuuliza baba yake, "Huo umeme unaopita huko juu unakwenda kwa nani?" na mzee akamjibu, "Kwa wenye sufuria kubwa, mwanangu, wewe washa kibatari chako ufanye hesabu," na jibu hilo, kwa maneno yake mwenyewe, ndilo lililomfanya awe mhandisi, kwa sababu lilimuudhi, na Abla aliyeudhika hakuwa mtu wa kulala.

Alianza darasa la kwanza hapa Peki mwezi Septemba 1963, akawekwa dawati moja na Aku Ntsukpui, mtoto aliyeimba akiombwa na akaimba zaidi asipoombwa, na wawili hao hawakuachana tena, mmoja akitoa sauti na mwingine akitoa majibu ya hesabu, na walimu wakiwachapa wote kwa pamoja ili kuokoa muda. Mwaka 1970 Abla alikwenda Shule ya Mawuli mjini Ho, akamaliza 1977, akaingia Chuo Kikuu cha Kumasi kusomea uhandisi wa umeme, wasichana wakiwa wawili katika darasa la watu arobaini na mmoja, na siku ya kwanza kijana mmoja alimwambia, "Dada, hapa ni volti, si vitenge," naye akamjibu, "Volti haina macho, kaka, itakuua wewe na suruali yako." Alihitimu mwezi Juni 1981, na kijana yule alirudia mwaka.

Baada ya utumishi wa taifa alifanya kazi katika karakana ya mita za umeme mjini Tema kuanzia 1982 hadi 1993, na tarehe 1 Februari 1994 aliajiriwa na maabara binafsi ya kupima usalama wa vyombo vya umeme, mjini humo humo, ambayo familia imeamua isiitaje kwa jina, kwa sababu hata hapa msibani watalifanya tangazo. Kwa wale wasiojua kazi yenyewe, na wengi wenu mmezinunua bidhaa hizi miaka yote bila kutaka kujua, ni hivi: ndani ya kila chombo kinachochomekwa ukutani kuna upande wa umeme unaoua na upande unaoshikwa kwa mkono, na kazi ya marehemu ilikuwa kuhakikisha pande hizo hazikutani, zitengwe kwa nafasi ya milimita sita, fyuzi iwe fyuzi kweli, kisha kiwambo kilicho katikati yao kisukumiwe volti elfu tatu kwa dakika moja nzima, kionekane kama kitavumilia. Dakika hiyo marehemu aliihesabu kwa saa ya ukutani, sekunde sitini, mikono nyuma, bila kusema, na mkurugenzi wake alizoea kuchungulia mlangoni akitafuna karanga na kuuliza, "Bado tu, Madam?"

Mwaka 1996 alipelekwa Ujerumani kwa miezi saba, wenzake wakarudi na makoti na mikoba, yeye akarudi na kidole cha chuma chenye viungo viwili, kile ambacho wapimaji hukitumia kuchokonoa kila tundu la chombo ili kuona kama kidole cha mtu kinaweza kuufikia umeme, akakitia mkobani na hakukitoa tena isipokuwa kwa kazi, ingawa kazi hiyo aliifanya hata nyumbani kwa watu aliokwenda kuwasalimu. Kuanzia mwaka 2003 alikuwa na kipindi cha redio kila Jumamosi asubuhi, akiwaonya wasikilizaji juu ya takataka walizokuwa wakichomeka ukutani, na wasikilizaji wakipiga simu kumwambia, "Madam, hivyo vyombo vyako salama ni vya matajiri, sisi tutumie nini?" naye akawajibu kwamba jeneza nalo lina bei yake. Hakuwa mtu wa kubembeleza, wala familia haitajaribu kumlainisha leo kwa kuwa amelala hapa hawezi kubisha.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa katika kanisa hili na Mwalimu Senanu Adzraku wa Kpando, mwalimu wa jiografia, ambaye yuko hapa nasi na ambaye miaka yote amependa kusema kwamba alioa mhandisi akapata mlinzi wa soketi, na siku ya harusi umeme ulikuwa wa mgawo kwa ajili ya ukame, kanisa halikuwa na hata taa, Aku Ntsukpui akasimama pale kwenye ngazi akaimba bila chombo chochote, na wanawake waliokuwa sokoni wakaacha biashara wakaja kusikiliza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Elikem, aliyezaliwa Tema tarehe 3 Novemba 1986, na Sitsofe, aliyezaliwa Tema tarehe 19 Julai 1990, na wote wawili walijua kuchomoa plagi kabla ya kujua kusema samahani. Jina la baba yake aliendelea kulitumia kazini hata baada ya ndoa, na Mwalimu Senanu hakuwahi kuona kasoro katika hilo.

Sasa tunafika mwaka 2009, na hapa familia iliambiwa na watu wenye busara kwamba ingekuwa vizuri kupita haraka, lakini hatutapita haraka. Mwezi Mei mwaka huo Mheshimiwa Godwin Kpeglo, mwana wa Peki, mfadhili wa bati la kanisa hili, mwenye karakana ya kuunga spika huko Tema chini ya chapa ya Baraka Zimenifuata, alipeleka maabara spika tatu kwa gari lake mwenyewe, zimefunikwa blanketi, akazishusha kwa mikono yake, na Mheshimiwa yupo hapa nasi, mstari wa mbele, mwenye kitambaa kipya cha maombolezo na miwani ambayo jua la leo halijaidai. Marehemu alizipima spika zile siku tisa, akazichokonoa kwa kidole chake, akazisukumia volti zake dakika nzima kila moja, zikafaulu, na zilifaulu kwa haki, kwa sababu zilikuwa zimeundwa kwa ajili yake, tatu tu, na fundi aliyeziunda hakuwahi kuunda nyingine kama hizo. Tarehe 9 Juni 2009 aliweka sahihi kwenye ripoti namba 0417, na chini ya ukurasa, kama chini ya kila ripoti ya maabara ile, lilikuwapo neno alilolitunga yeye mwenyewe mwaka 1994 kwa uaminifu wake wa kisayansi, lisemalo, "Matokeo haya yanahusu sampuli zilizopimwa tu."

Mheshimiwa hakulichapa neno hilo, alichapa jina. Kwa vile watu walimjua marehemu redioni, kila spika iliyotoka karakana ile ilibandikwa mgongoni lebo ya dhahabu, Imepimwa Usalama na Mhandisi A. S. Dogbatse, na hapa inabidi familia iseme ukweli ambao marehemu alituagiza tuuseme, kwamba alipoiona lebo ile kwa mara ya kwanza hakukasirika, alifurahi. Alimpigia simu huyu anayesoma akasema, "Kodzo, jina la baba limeingia madukani!" akanunua spika moja, ya kwanza na ya pekee, akamletea mama yetu hapa Peki, mama akaitandikia kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake chombo cha maua, isichomekwe, isije ikachakaa. Kamati ya kanisa hili nayo ilikutana ikabishana nusu saa juu ya kununua spika, mpaka mzee mmoja aliposema, "Kama Abla wetu ameipima, mnabishana nini?" wakanunua mbili.

Kosa la marehemu ni hilo, na yeye mwenyewe ndiye aliyelihukumu kwa ukali kuliko mtu mwingine. Alipima kilicholetwa, hakwenda dukani kununua kinachouzwa akakifungua, na kwa miaka mitano mtu aliyechokonoa kila pasi na kila birika la wenzake hakuchokonoa spika yenye jina lake, kwa sababu ilikuwa na jina lake.

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2014, ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, sakafu hii ya saruji ililowa, na kwaya ilivua viatu kama desturi yetu ya kupeleka mavuno madhabahuni, marehemu akiwa ameketi safu ya tatu, amekuja na mumewe kutoka Tema kusherehekea. Aku Ntsukpui, kiongozi wa kwaya, akashika maiki, akaimba ubeti wa kwanza, na alipoanza wa pili mwili ukaanza kumtetemeka, mkono umekaza, macho juu, na kanisa zima likadhani ni Roho. Tulipiga vigelegele. Anayesoma naye alipiga makofi, alisimama kabisa apige vizuri, na mtu mmoja nyuma yake alipaza sauti, "Mshukie, Bwana, usimwachie!" na katika watu mia tatu ni mmoja tu aliyekuwa akikimbia, anakanyaga vikapu vya viazi vikuu, hakimbilii kwa Aku, anakimbilia ukutani kwenye plagi. Aliichomoa, na baadaye alituambia kwamba zilikuwa zimepita sekunde kumi na tisa, maana hata katika hali ile kichwa chake kilikuwa kinahesabu.

Aku alikuwa na miaka hamsini na saba. Walipokuwa wanambeba, marehemu aligeuza spika kuona kuna nini, akakutana na jina lake mwenyewe kwa dhahabu, akakaa chini kwenye maji, na tulioona uso wake siku ile hatujawahi kuufananisha na uso mwingine na hatutaki kuuona tena.

Juma lile lile alinunua spika sita kutoka maduka sita, akazifungua mezani kwake mbele ya mumewe, na zote zilikuwa uchafu wa aina moja, badala ya milimita sita ilikuwa moja, badala ya fyuzi kipande cha waya, na ndani ya transfoma, mahali pa kuzuia umeme wa ukutani usifike kwenye maiki, mzunguko mmoja wa utepe mwembamba ambao mtu asingefungia hata kidole kilichokatwa. Alizipeleka kwa mkurugenzi wake, mkurugenzi akaweka karanga pembeni, akafungua ripoti namba 0417, akamgeuzia na kumwambia kwa upole mkubwa, "Madam, soma chini ya ukurasa." Lilikuwa neno lake, kwa lugha yake, na lilikuwa sahihi, sampuli zilizopimwa tu, na mkurugenzi akaongeza kwamba hakuna mtu aliyedanganya, kila mmoja alifanya sehemu yake, cheti ni cha sampuli, na kwaya ya Peki haikuimba kwa kutumia sampuli.

Alikwenda karakana kwa Mheshimiwa, akakuta vijana wanaunga spika, mmoja akigusa kila transfoma kwa waya wa kupimia, tii, moja, tii, nyingine, sekunde moja moja, akauliza dakika iko wapi, na Mheshimiwa akacheka na kumwambia, "Dakika nzima kwa kila spika, dada? Watu wana sherehe zao wanangoja." Akamwomba aondoe jina lake, akajibiwa, "Jina lako limewapa watu amani, Da Abla, kwa nini uwanyang'anye?" Familia inayanukuu maneno haya kama yalivyosemwa mbele ya Mwalimu Senanu, ambaye yupo, na Mheshimiwa, ambaye pia yupo, na mwenye kuyakana ayakane sasa hivi, hana haja ya maiki, tutamsikia.

Tunaendelea. Marehemu aliacha kazi tarehe 30 Januari 2015, akiwa amebakiza miaka miwili na kidogo afike ustaafu, na barua yake ya kuacha kazi ilikuwa na mstari mmoja, kwamba hawezi kuendelea kutunza saa mahali ambapo hakuna anayetaka dakika. Aliandika kwa ofisi zote zinazohusika, ofisi zikamgongea muhuri wa Imepokelewa, zikawa zimemaliza kazi yao, na yeye akachukua kisu kidogo cha kumenyea muhogo, kile cha mama, akaanza kwenda kwenye makanisa, harusi na misiba, kutoka Peki hadi Kpando, kutoka Ashaiman hadi Teshie, akizigeuza spika za watu na kukwangua jina lake mgongoni, moja baada ya nyingine, na kuwaomba wenyewe wasizichomeke, na wenyewe wakichomeka mara akigeuka.

Mlimcheka, na wengi wenu mliomcheka mmevaa nyeusi leo. Mlimwita Madam Kwangua, mkapeana ishara akitokea getini, na katika msiba mmoja huko Blengo mama mmoja alimuuliza kwa sauti, "Dada, umekuja kumlilia marehemu au kumlilia spika?" naye akajibu bila kuacha kukwangua, "Marehemu hana haraka, mama, hii spika ndiyo inayongoja mwingine." Mliambiana kwamba uchungu wa Aku umemtia wazimu, na hilo lilikuwa jambo rahisi kuliamini kuliko kwenda kutazama mgongo wa spika iliyokuwa sebuleni kwenu. Hakutafuta huruma yenu, alitaka jina la baba yake lisiwe ndilo la mwisho mtu kuliamini kabla ya kushika maiki, hilo tu, na kwa hilo alizunguka miaka saba.

Mwezi Machi 2016 alifungua shauri, na Mheshimiwa akajibu kwa akili ambayo familia imeshindwa kuipatia jina linalofaa kutamkwa mbele ya jeneza, aliongeza herufi. Lebo mpya zikatoka zimeandikwa A. S. Dogbatsey, zenye y mwishoni, na wakili wake akaandika kwamba mteja wake hamfahamu mlalamikaji, kwamba mhandisi anayetajwa kwenye spika ni mtu mwingine, na kwamba mlalamikaji aache kuharibu mali za watu kwa kisu. Shauri likafa. Tangu hapo spika zinapimwa na mtu ambaye hajazaliwa, hana mama, hakusoma popote, wala hatakufa, na mtu huyo, Mheshimiwa, ndiye anayekufaa.

Marehemu alipata kiharusi tarehe 17 Mei 2022 nyumbani Tema, akapoteza nguvu za mkono wa kulia, akajifunza kukwangua kwa wa kushoto. Cha pili kilimpata tarehe 18 Agosti 2023, akalazwa, na hata wodini, sauti ikiwa imebaki nusu, alimwomba muuguzi ageuze mashine ya kupimia moyo aone lebo yake, akaisoma yote, akasema, "Hii ni nzuri, endelea." Kwa binti yake Sitsofe alisema mambo mawili, kwamba kisu kiko kwenye droo ya jikoni, na kwamba msibani kwake chombo kisichomekwe mpaka mtu amekifungua akatazama. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 22 Agosti 2023, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi mitano na siku kumi, mumewe akiwa ameshika ule mkono wa kushoto.

Juzi Alhamisi lori lilisimama hapa kanisani, likashusha spika nne na shada la maua kubwa kuliko mlango, pamoja na ujumbe kwamba ni heshima kutoka Baraka Zimenifuata kwa dada yetu mpendwa, na kwamba Mheshimiwa angeshukuru akitajwa katika historia ya marehemu, naye ametajwa. Sitsofe alizifungua spika zote nne kwa bisibisi ya mama yake. Waliohitaji kujua walikwenda kutazama wenyewe, Mchungaji akiwa wa kwanza, Torgbui wa pili, na Mchungaji aliporudi aliita kamati akaamuru zile mbili za kanisa nazo zitolewe nje, zile ambazo tangu mwaka 2014 zimefungiwa stoo kwa sababu zilikuwa za bei na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitupa. Ilichukua miaka tisa na siku moja. Ndiyo maana kwaya imeimba leo bila kitu mkononi, kama Aku alivyoimba mwaka 1984, na mlioko nyuma mmesikia vizuri tu.

Kisha tukatazama shada. Utepe wake wa zambarau, wenye maandishi ya dhahabu ya kiwanda kile kile kinachochapa lebo, uliandikwa, Kwaheri Mhandisi A. S. Dogbatsey. Aliyeagiza utepe huo amekaa na marehemu shule ya msingi hapa hapa, madawati mawili nyuma yake na Aku, amekula ugali wa akple jikoni kwa mama yetu, amelichapa jina hili mara maelfu, na siku ya kumzika mwenyewe alimwandikia buriani mtu ambaye hayupo. Wengine katika familia walitaka shada lirudishwe, lakini Mwalimu Senanu alisema maua hayana kosa, Sitsofe akaleta kisu cha bibi yake, akaikwangua herufi ya tisa mbele yetu sote, polepole, mpaka utepe ukatoboka, na shada liko pale miguuni pa jeneza, likiwa na herufi nane na tundu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku zake nne za mwisho, hasa yule muuguzi aliyegeuza mashine bila kuuliza kwa nini, inawashukuru majirani wa Tema waliokuwa wakipika zamu kwa zamu, inawashukuru wazee wa kanisa kwa ujasiri walioupata jana, ingawa umechelewa, inawashukuru watoto wa Aku Ntsukpui, wanne, wote wapo, ambao katika miaka yote hii hawakumlaumu marehemu hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likimliza. Kwa wafanyakazi wenzake wa maabara, wawili waliokuja kwa nauli yao wanashukuriwa pia, na mkurugenzi aliyetuma salamu kwa simu aambiwe kwamba salamu hizo zinahusu aliyezituma tu.

Mwisho, familia inawaomba wote msimame dakika moja kwa ajili ya Abla Sefakor Dogbatse, na inayotumika ni saa yake ya ukutani, Mwalimu Senanu ameishika, sekunde sitini kamili, mikono nyuma, bila kusema, kama alivyosimama yeye kwa kila chombo kilichopita mbele yake kwa miaka ishirini na moja. Ambaye kwake dakika ni sekunde moja, na aketi baada ya sekunde moja, hatutamshangaa, tutamtazama tu.

Dakika imetimia, Da Abla, tumeihesabu yote. Mmoja aliketi. Jina lako ni lako, lichukue uende nalo, na pumzika kwa amani.